Mtoto wa Jicho Asiyekuja Peke Yake

Mtu anayetoka Darajani saa saba za mchana akaingia kwenye vichochoro vya Mji Mkongwe wa Unguja hukutana na giza la ghafla. Nje, jua linawaka juu ya kuta za mawe na chokaa. Hatua tatu ndani, kivuli kizito kimelala chini ya roshani. Mwenye macho mazima hupepesa mara mbili tatu, akaendelea na safari zake. Mwenye retinaitisi pigmentosa, ugonjwa wa kurithi wa macho, husimama. Huutafuta ukuta kwa kiganja, huipapasa baraza kwa mguu kabla ya kupiga hatua, maana baraza hiyo hiyo imeshamchubua muundi mara nyingi. Na ikiwa juu ya ugonjwa huo ana mtoto wa jicho, hata kule Darajani juani alikuwa haoni, kwa sababu mwanga ulimtawanyikia jichoni ukawa ukungu mweupe. Jua linamfumba, kivuli kinampofusha. Saa anazoona vizuri kwa siku zimebaki chache mno.

Mtu huyu akifika kliniki ya macho, afanyiwe upasuaji au asifanyiwe? Akifanyiwa, aambiwe atarajie nini? Nimelifuata swali hili kwa muda, na naamini kwamba mara nyingi jibu sahihi ni afanyiwe. Lakini upasuaji wake si ule wa bibi wa miaka sabini mwenye mtoto wa jicho wa uzee, hata kama kisu ni kile kile na lenzi ni ile ile.

Mtoto wa jicho wa uzee ni ugonjwa ambao dunia imejifunza kuushinda. Lenzi ya jicho, iliyo nyuma ya mboni, hupoteza ung'avu wake. Daktari huitoa na kuweka ya bandia. Lenzi bandia ya kwanza iliwekwa London na Harold Ridley mwaka 1949. Baadaye madaktari wa Nepal na India waliendeleza njia ya kuchana tundu dogo lisilohitaji mshono, na viwanda vya India vikashusha bei ya lenzi mpaka hospitali za nchi kama yetu zikaweza kuzinunua. Unguja imefaidika na mageuzi hayo. Hospitali ya Mnazi Mmoja ina kitengo chake cha macho, na timu za madaktari wa China kutoka jimbo la Jiangsu, ambazo zimekuwa zikija Zanzibar tangu 1964, zimeshiriki kuwafungua macho wagonjwa wengi. Zipo pia kambi za macho: watu huitwa kwa vipaza sauti na misikitini, hupimwa kwa foleni, na wanaofaa hupasuliwa. Bendeji inapofunguliwa kesho yake, mzee hutaja rangi ya kanga ya binti yake, na ukumbi mzima hushangilia. Sina hata neno moja la kuibeza kazi hiyo.

Lakini kambi imeundwa kwa ajili ya wengi wanaofanana, na katika foleni ile ile hukaa watu wachache wasiofanana na wenzao.

Retinaitisi pigmentosa ni jina la kundi la magonjwa ya kurithi yanayoiua retina polepole. Retina ni lile pazia la nyuma ya jicho linalopokea picha. Chembe za pembeni, zinazotumika gizani, ndizo hutangulia kufa. Mtoto huanza kwa kushindwa kuona usiku. Ujanani uwanja wake wa kuona hupungua kutoka pembeni, mpaka anaitazama dunia kama anayechungulia kupitia bomba. Kipande cha katikati hubaki kwa miaka mingi, na kwa kipande hicho mtu husoma Kurani, huhesabu noti, hutambua uso wa aliyesimama mbele yake. Wa pembeni hamwoni. Kwetu jambo hilo lina gharama yake. Mtu akipita barazani bila kutoa salamu, au akipewa mkono asiupokee, huambiwa ana kiburi. Wapo waliobeba sifa hiyo miaka na miaka kabla ya mtu yeyote kujua kwamba ule mkono hawakuuona.

Sasa mtoto wa jicho anaingia. Kati ya theluthi na nusu ya watu wazima wenye retinaitisi pigmentosa hupata mtoto wa jicho wa aina maalumu: utando mdogo unaoota kwenye ngozi ya nyuma ya lenzi, katikati kabisa, na mara nyingi hutokea mapema, miaka ya thelathini au arubaini. Kwa mtu mwingine utando wa ukubwa huo ni usumbufu tu, kwani picha hupata njia nyingine kandokando. Kwa huyu umeota mbele ya lile tundu moja lililobaki. Mboni inapofinyika juani, mwanga wote hulazimika kupita palepale penye utando. Ndiyo maana husema anaona afadhali jua likizama, kisha usiku ukiingia haoni kabisa. Kuutoa utando huo kwaweza kumrudishia mtu sehemu kubwa ya maisha yake, ingawa retina haijapona hata chembe moja.

Kwamba upasuaji unasaidia si dhana. Mwaka 2001 madaktari wa London walichapisha matokeo ya macho 142 ya wagonjwa 89 wenye retinaitisi pigmentosa waliotolewa mtoto wa jicho. Kiasi cha macho matatu katika kila manne yaliongeza uoni, karibu moja katika matano yalibaki yalivyokuwa, na yaliyozorota yalikuwa asilimia mbili hivi. Matokeo hayo yanatosha kuikataa kauli ambayo wagonjwa wa aina hii wamezoea kuisikia, kwamba jicho lao limekufa na kulipasua ni kupoteza lenzi. Kwa wengi wao jicho halijakufa. Limezibwa mara mbili, na moja ya vizibo hivyo huondoka.

Hata hivyo hatari zao ni tofauti, na daktari asiyejua mapema huzigundua akiwa ameshachana. Nyuzi zinazoishikilia lenzi mahali pake mara nyingi huwa dhaifu, na lenzi inaweza kuyumba mkononi mwake. Baada ya upasuaji, mfuko uliobeba lenzi bandia hujikunyata kuliko kawaida na kuziba njia upya. Ngozi ya nyuma ya mfuko huo hufanya ukungu mapema, na hapo leza huhitajika kuitoboa. Sehemu ya katikati ya retina, ile ile inayotegemewa, inaweza kuvimba kwa maji na kudai matone au vidonge vya kuyakausha. Hata taa ya darubini ya upasuaji hupunguzwa, kwani retina hii haina akiba ya kuchezewa. Hakuna hata moja kati ya haya linalozuia upasuaji. Lakini yote yanadai kitu ambacho kambi ya siku tatu haina, nacho ni kumwona mgonjwa tena baada ya wiki, baada ya mwezi, baada ya mwaka. Kwa mkaazi wa Nungwi au Makunduchi kila safari ya mjini ni nauli, ni siku ya kazi iliyopotea, na kwa asiyeona vizuri ni nauli ya watu wawili.

Kwa hiyo yapo makosa mawili, na yote mawili humuumiza mtu yule yule. La kwanza ni kumrudisha nyumbani bila kumgusa. La pili ni kumpasua kama wengine na kumwahidi walichoahidiwa wengine. Kwa kosa hilo la pili, bendeji hufunguliwa, mgonjwa akaona kweli nuru imeongezeka, jioni akajikwaa kwenye ndoo aliyojikwaa juzi, akaamini amepasuliwa vibaya. Habari hizo husambaa mtaani kabla ya matone yake kwisha, na jirani mwenye mtoto wa jicho wa kawaida kabisa akaghairi kwenda hospitali. Ahadi ya kweli ni fupi na inaelezeka kwa Kiswahili chepesi: tutajaribu kukurudishia ulichokuwa nacho kabla ya utando huu, usiku hatutaurudisha, wala pembeni. Nimeona watu wakiipokea kauli ya namna hiyo kwa utulivu mkubwa. Wamekaa na macho yao miaka arubaini, wanajua kilichomo.

Shida ni kumtambua mgonjwa huyu. Mtoto wa jicho akishakomaa, daktari hawezi kuiona retina. Kazibiwa kama mgonjwa mwenyewe. Mashine za kupiga picha za sauti au za matabaka ya retina husaidia kwa kiwango fulani. Lakini chombo kikubwa hapa ni swali, na ni swali la mwanzo kabisa: kabla ya ukungu huu, usiku ulikuwa unaonaje? Ukimuuliza mtu kama haoni usiku, atasema ndiyo, kwani kila mwenye mtoto wa jicho analalamika. Ukimuuliza kama utotoni alikuwa akicheza na wenzake mbalamwezini au alibaki kushikwa mkono, hapo utasikia. Wapo wahudumu ambao wakisikia habari ya kutoona usiku hufikiria upungufu wa vitamini A peke yake, na kwa mtoto mdogo ni sawa waanzie huko. Mtu mzima aliyeishi hivyo tangu utotoni, huku kaka yake naye akiwa hivyo hivyo, kidonge cha vitamini hakimalizi habari yake.

Kisha kuna hila moja ya kitabibu ambayo naipenda kwa sababu inafaa sana kisiwani kwetu. Mgonjwa huku haji hospitali peke yake. Yuko na dada, mdogo wake, mtoto wa ami. Huyo msindikizaji amekaa benchi, ameshika mkoba na kadi. Lenzi zake bado ni safi. Mwite, mtie matone ya kupanua mboni, mtazame retina. Ukikuta yale madoa meusi yanayofanana na vifupa vidogo yametapakaa pembeni, umeshaiona retina ya mgonjwa wako kupitia jicho la ndugu yake. Kipimo hicho hakihitaji mashine mpya wala meli ya kwenda Dar es Salaam. Kinahitaji dakika ishirini na daktari ambaye hakuwekewa idadi ya kukimbiza.

Ukoo wenyewe pia hutoa ushahidi. Magonjwa mengi ya aina hii hurithiwa kwa njia ya kufichika. Baba na mama wote ni wazima, kila mmoja kabeba nakala moja mbovu ya jeni ile ile bila kujua, na kwa kila mimba kuna nafasi moja kati ya nne ya mtoto kupata nakala mbili. Nafasi ya wazazi kubeba kosa linalofanana huongezeka wakiwa ndugu. Kwetu husemwa binamu nyama ya hamu, na ndoa za namna hiyo zipo pwani nzima, na zaidi ng'ambo kwa jamaa zetu wa Oman, ambako utafiti wa kitaifa uliochapishwa 2000 ulikuta zaidi ya nusu ya ndoa ni za watu wenye nasaba moja. Sitaki mtu yeyote alisome hili kama lawama. Watoto wengi mno wa ndoa za mabinamu huzaliwa wazima, na retinaitisi pigmentosa huzuka pia katika ndoa za watu wasiojuana kabisa. Ninachosema ni kwamba mtu wa Unguja anaijua nasaba yake kuliko wengi duniani. Bibi anaweza kukutajia vizazi vinne, nani alimuoa nani, nani alipofuka na akiwa na umri gani. Maelezo hayo yangeandikwa kwenye faili, nusu ya kazi ya uchunguzi ingekuwa imekwisha.

Mkono nao una lake la kusema. Ugonjwa uitwao Bardet-Biedl huunganisha retina inayokufa, unene wa tangu utotoni, matatizo ya figo na kidole cha ziada. Kidole hicho mara nyingi hakionekani ukubwani. Kilifungwa uzi siku za mwanzo kikakauka na kudondoka, kikaacha kinundu kidogo pembeni ya kiganja. Watoto wengi huzaliwa na kidole cha sita bila maradhi mengine yoyote. Lakini kinundu hicho, kwa mtu wa miaka thelathini na tano mwenye mtoto wa jicho na habari ya kutoona usiku, kinatosha kumfanya daktari apime na figo kabla ya kumlaza.

Wagonjwa hawa ni wachache kiasi gani? Kwa hesabu ya dunia, retinaitisi pigmentosa humpata mtu mmoja katika kila 4,000 hivi. Sensa ya 2022 iliikuta Zanzibar na watu 1,889,773. Kiwango hicho kikifaa hapa, ni watu kama mia nne na sabini kwa Unguja na Pemba, bila kuhesabu magonjwa mengine ya kurithi ya retina. Takwimu zetu za macho hazikuundwa kuwaona. Tathmini ya haraka ya upofu, ile iliyofanyika pia Unguja na Pemba na kuchapishwa 2007, huchunguza watu wa miaka hamsini na kuendelea, na maradhi ya nyuma ya jicho yasiyo ya kawaida huwekwa pamoja kwenye kisanduku cha mengineyo. Ni njia nzuri ya kupanga huduma ya mtoto wa jicho. Kijana wa miaka thelathini na mbili anayepapasa ukuta Malindi hayumo ndani yake.

Kuna kundi jingine la kurithi ambalo kwetu linaonekana na kila mtu, na bado macho yao hayazungumzwi: watu wenye ualbino. Sensa ya 2012 iliwahesabu zaidi ya 16,000 nchini Tanzania, na wataalamu wamekuwa wakisema kiwango chetu ni kikubwa kuliko cha nchi nyingi. Mazungumzo yetu juu yao ni ya ngozi, ya saratani, ya usalama wao, na ni haki yawe hivyo. Lakini ualbino ni hali ya macho vilevile. Sehemu ya katikati ya retina haikukua ikatimia, macho hucheza bila kutulia, mwanga huingia kupitia sehemu ya rangi ya jicho ambayo kwa wengine ni pazia zito. Wengi wao husoma mistari ya juu tu ya ubao wa herufi maisha yao yote, kwa umbali ambao wengine husoma mingi zaidi.

Mwenye ualbino akipata mtoto wa jicho uzeeni, hatari ya kwanza ni kwamba hakuna atakayeuona ugonjwa huo. Kila mtu, hata yeye mwenyewe, husema ni ule ualbino. Alikuwa anaona 6/60, yaani akisimama mita sita anaona kile ambacho jicho zima hukiona mita sitini. Sasa anaona kivuli cha mkono tu, na hakuna aliyejiuliza kimebadilika nini. Akifika kwenye chumba cha upasuaji, matone ya ganzi peke yake hayatoshi, kwani jicho halitulii. Huchomwa sindano ya ganzi pembeni ya jicho ili lisimame. Ngozi ya mbele ya lenzi haionekani vizuri kwa sababu mwanga umejaa kila upande, hivyo rangi ya buluu hutumika kuipaka kabla ya kuichana. Akitoka, lenzi ya zamani iliyokuwa ikichuja jua haipo tena, na kofia pana na miwani ya giza huwa sehemu ya dawa. Mambo yakienda vizuri sana, anarudi 6/60. Kwake huo ni ushindi kamili: anatembea mwenyewe, anajipikia, anamjua mjukuu wake.

Kwenye rejesta, ushindi huo unakaribia kuhesabiwa kama kushindwa. Kwa miaka mingi viwango vya Shirika la Afya Duniani viliita matokeo mazuri yale ya 6/18 au zaidi, na mabaya yale yaliyo chini ya 6/60. Mwaka 2021 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulikubaliana kuongeza kwa pointi 30 za asilimia, ifikapo 2030, huduma ya upasuaji wa mtoto wa jicho inayoleta uoni mzuri. Kipimo hicho kina faida kubwa. Kinazuia kazi mbovu kujificha nyuma ya idadi. Lakini hospitali inayopimwa hivyo ina sababu ya kumkwepa mwenye ualbino na mwenye retinaitisi pigmentosa, kwa kuwa kila mmoja wao anashusha wastani. Hakuna anayeandika amri ya kuwakataa. Hutokea tu kwamba jina lao halisomwi. Dawa yake ni rahisi: waandikwe safu yao peke yao, na jicho lipimwe kwa lilivyokuwa kabla ya mtoto wa jicho. Tuulize pia mambo yasiyo ya ubao. Je, anahesabu fedha mwenyewe? Anatambua uso wa aliyekaa naye baraza moja? Mkulima wa mwani wa Paje, anaiona kamba majini?

Kwa watoto wanaozaliwa na mtoto wa jicho, ambao kwa baadhi yao ugonjwa ni wa kurithi, habari ni ya haraka zaidi na nitaipita kwa ufupi kwa kuwa inastahili makala yake. Ubongo wa mtoto hujifunza kuona katika wiki za mwanzo, na lenzi zote mbili zikiwa zimeziba tangu kuzaliwa, kusubiri miezi ni kupoteza kisichorudi. Upasuaji wao unahitaji usingizi kamili na mikono iliyozoea watoto, na kwa Tanzania hospitali zinazotajwa ni CCBRT ya Dar es Salaam na KCMC ya Moshi. Utafiti uliochapishwa 2005 kutoka huko ulionyesha jinsi watoto wanavyocheleweshwa kufikishwa. Mama akiona mboni nyeupe, asiambiwe asubiri mtoto akue.

Kwa magonjwa ya kurithi ya retina, tiba ya jeni yenyewe ipo, kwa wachache. Mwaka 2017 Marekani iliidhinisha dawa iitwayo Luxturna kwa wenye kasoro ya jeni moja, RPE65, ikiuzwa dola 850,000 kwa macho mawili. Na hata hao waliotibiwa, baadhi yao walipata mtoto wa jicho baada ya kudungwa, wakarudi kwenye kisu kile kile tunachokizungumzia hapa. Kwa hivyo upasuaji wa mtoto wa jicho ndio msaada mkubwa ambao kisiwa hiki kinaweza kuutoa leo kwa watu hawa, kwa vifaa ambavyo sehemu kubwa vipo.

Nimemwacha mwisho mgonjwa ninayemfikiria zaidi ya wote, mwenye ugonjwa wa Usher. Huyu huzaliwa kiziwi au akisikia kidogo, kisha retina yake huanza kufa. Lugha yake ni ya alama. Kadiri bomba linavyofinyika, mikono ya anayezungumza naye hutoka nje ya picha, na utando ukiota katikati, mazungumzo hukatika kabisa. Akikaa kimya, nyumba hudhani amechoka na watu. Kumpasua huyu ni kumrudishia kauli yake, na kunadai mkalimani awepo kabla ya kisu, ajue kwamba siku jicho litakapofungwa bendeji mgonjwa hatakuwa na njia nyingine ila ya kuguswa, kama kuandikiwa kiganjani. Wakubaliane mapema alama za kugusa: moja ya maumivu, moja ya kutulia, moja ya kuita. Na bendeji ikifunguliwa, wa nyumbani waambiwe wakae mbele yake kiasi cha mita mbili, taa iwaangaze wao na isimpige yeye machoni, na mikono isishuke chini ya kifua.